Kutoka Ubao wa Chuoni Hadi Kisomeo cha Mkononi



Novemba 1867 Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, kusini ya ziwa Mweru, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara Muislamu aliyeishi huko miaka mingi. Misafara ya pwani ilikwishatangulia.

Katika vyuo vya pwani mtoto aliandikiwa aya ubaoni. Akishaihifadhi, ubao ulioshwa, akaandikiwa nyingine. Ubao haukuwa na kazi ya pili.

Kindle ilipotoka 2007 ilikuwa kama ubao huo: wino wa kielektroniki, nyeusi na nyeupe, chaji ya siku nyingi. Mwaka 2010 ikaja iPad yenye rangi, sauti na michezo, ila chaji yake ilidumu saa kama kumi tu.

Je, mzazi wa Chienge anayechaji kwa umeme wa jua anunue kipi? Kwa hadithi na vitabu vya shule, kisomeo kinatosha. Kwa kusikiliza kisomo cha Qur'ani, tableti inafaa, lakini intaneti izimwe wakati wa darsa. Kwanza tujiulize: mtoto akikishika, atasoma au atacheza?