Daftari za Watu wa Kawaida: Mafunzo ya Vita vya Marekani, 1861–1865



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi walimu tumezoea kuutumia msemo huu tunapofundisha hesabu za duka. Katika toleo hili la kumbukumbu tunautumia kwa mali nyingine, nayo ni habari za maisha ya watu wakati wa vita. Tumechukua mfano wa mbali, Marekani ya karne ya 19, kwa sababu huko watu wengi wasio na cheo chochote waliandika shajara, yaani daftari la mambo ya kila siku, na baadhi ya daftari hizo zipo hadi leo.

Vita vyenyewe

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza tarehe 12 Aprili 1861, majeshi ya Kusini yalipoipiga mizinga ngome ya Sumter katika bandari ya Charleston. Majimbo ya Kusini, ambayo mwishowe yalifika 11, yalijitenga na serikali ili kulinda utumwa. Sensa ya mwaka 1860 ilikuta watumwa karibu milioni 4 nchini humo. Tarehe 9 Aprili 1865 Jenerali Lee wa Kusini alisalimu amri, na katika miezi iliyofuata vita vikaisha. Kwa hesabu ya zamani wanajeshi 620,000 walikufa. Watafiti wa miaka ya karibuni wanasema walikaribia 700,000 au hata kupita. Wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Hata Unguja vita hivyo vilisikika: kile kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani, kilichokuwa kikitumika hadi bara kama fedha, kiliadimika.

Nani waliandika?

Waliandika askari, wake zao, mabinti, mafundi na wafungwa. Wengi walitumia vijitabu vidogo vya mfukoni vyenye tarehe zilizokwisha kuchapwa, nafasi ya mistari michache tu kwa siku. Kusini karatasi iliadimika sana. Mwaka 1863 mji wa Vicksburg ulipozingirwa na watu wakawa wanaishi katika mapango waliyoyachimba, gazeti la mji lilichapwa nyuma ya karatasi za kupambia kuta. Mtu aliyetaka kuandika hakukosa njia.

Tuwataje wanne.

Wa kwanza ni William Gould, mtumwa na fundi wa kupiga lipu katika mji wa Wilmington, North Carolina. Sheria ya jimbo hilo tangu mwaka 1830 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika, lakini yeye alijua. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1862 yeye na wenzake saba waliiba mashua, wakateremka Mto Cape Fear hadi baharini, wakaokolewa na manowari ya Kaskazini iitwayo Cambridge. Siku iliyofuata usiku huo Rais Lincoln alitangaza nia yake ya kuwaachia huru watumwa wa maeneo yaliyoasi. Gould akawa baharia, na siku chache baadaye akaanza shajara yake, akaiandika hadi mwaka 1865. Alifariki mwaka 1923. Daftari lilikaa kimya nyumbani mpaka wazao wake walipoligundua mwaka 1958, na mwaka 2002 kitukuu chake akalitoa kitabu.

Wa pili ni Emilie Davis, mshonaji, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru, mkazi wa Philadelphia. Vijitabu vyake vitatu vya mwaka 1863, 1864 na 1865 vinataja hali ya hewa, ibada, masomo, wageni na barua. Lakini katikati ya mambo hayo madogo imo siku ya kwanza ya Januari 1863, siku ya tangazo la uhuru. Na mwezi Aprili 1865, Lincoln alipouawa na maiti yake kupitishwa Philadelphia, Emilie alikuwa miongoni mwa umati uliopanga mstari kumwaga.

Wa tatu ni Kate Stone wa Louisiana, binti wa familia iliyomiliki watumwa wapatao 150. Mwaka 1863 majeshi ya Kaskazini yalipokaribia, familia yake ilikimbia, ikafika Texas. Aliandika habari za safari, za nyumba za kuazima, za kaka zake waliokufa vitani. Machozi yake ni ya kweli, na mkimbizi yeyote atayatambua. Hata hivyo, wakati yeye akikimbia ili asipoteze, maelfu ya watumwa walikuwa wakikimbia ili wapate uhuru. Hao walijaa katika kambi zilizowekwa na jeshi la Kaskazini, wakafa wengi kwa ndui na kuhara. Humo humo kambini wazee na watoto walikaa pamoja kujifunza alfabeti. Habari zao nyingi tunazisoma kwa kalamu za watu wengine, kwa kuwa wao walinyimwa kalamu.

Wa nne ni Dorence Atwater, kijana askari wa Kaskazini aliyefungwa katika kambi ya Andersonville, Georgia. Humo wafungwa karibu 13,000 walikufa kati ya mwaka 1864 na 1865. Atwater aliwekwa kuandika orodha ya waliokufa. Kwa siri alinakili orodha ya pili, akatoka nayo. Mwaka 1865 alirudi huko pamoja na Clara Barton, na kwa orodha hiyo makaburi karibu yote yakawekewa majina. Yaliyobaki bila jina hayakufika 500.

Mafunzo kwetu

Kwanza, daftari moja halitoshi. Anayesoma shajara ya Kate Stone peke yake atawahurumia wenye watumwa na kuwasahau watumwa. Vita vyetu navyo vina wasimulizi wa kila upande, na kila mmoja huanza hadithi pale alipoumizwa yeye. Watoto wetu wanastahili kusikia zaidi ya sauti moja.

Pili, jambo dogo lina thamani. Bei ya unga, jina la kijiji tulicholala, siku mvua ilipoangusha mahema: hayo hayamo katika taarifa za wakubwa.

Tatu, tuandike tulichokiona mbali na tulichokisikia. Uvumi umeua watu wengi, na ukiandikwa hauwi kweli.

Nne, tuwe na tahadhari. Atwater alinakili kwa siri kwa sababu alijua hatari. Jina la jirani anayetuhumiwa lisiachwe katika daftari linaloweza kuokotwa na yeyote. Majina ya marehemu wetu, pamoja na mahali na siku walipozikwa, hayo tuyaandike yote.

Watoto waliozaliwa kambini wanatambulika kwenye kadi za posho kwa namba na ukubwa wa familia. Kadi haisemi bibi yao aliitwa nani wala walivuka mto gani. Wazee wanaojua wanatutoka mmoja mmoja, na familia zinatawanyika: wengine wanarejea, wengine wanapelekwa nchi za mbali. Kwa hiyo tunaomba kila nyumba itenge daftari moja, hata la kurasa 32, ilitie katika mfuko wa nailoni lisilowe, na mtoto anayejua kusoma amwandikie babu yake. Lugha yoyote inafaa. Tarehe isikosekane.

Gould hakuandika akitafuta sifa, na miaka 35 baada ya kifo chake kalamu yake iliwaeleza wazao wake walikotoka. Na sisi tuwaachie wetu cha kusoma.