Alivuka mpaka, akashinda Safari

Leo tuongee kidogo historia ya mbio za magari.

Mwaka 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Uingereza anavikwa taji, madereva wa Afrika Mashariki walianzisha mashindano yaliyoitwa Coronation Safari. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zote zikiwa chini ya Waingereza. Hawakuzunguka uwanja mmoja kama mbio za Ulaya. Walipita njia za kawaida, vumbi na matope. Kufika tu mwisho ilikuwa kazi.

Wakati huo Shekhar Mehta alikuwa bado mtoto huko Uganda, wa familia yenye asili ya India. Akakua, akawa dereva. Mwezi wa 8 mwaka 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 watoke. Familia ya Mehta ikakimbilia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari na Datsun 240Z. Akaja kushinda tena mara 4 mfululizo, 1979 mpaka 1982.

Najua mtasema: yule alikuwa mtoto wa tajiri, sisi hata baiskeli hatuna. Ni kweli kabisa. Lakini angalieni: alipoteza kwao, ufundi wa usukani akavuka nao.

Hapa Rusizi, mto tu ndio unatutenganisha na Bukavu. Mwenye kujua kushona, kujenga ao kufundisha, asiache. Hicho hakuna askari wa mpaka anayeweza kukipekua.

Wewe ulivuka na ufundi gani?