Nsyuka Alikuwa Baba wa Mtu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa jijini Dar es Salaam filamu aliyoipa jina la Kinyakyusa: Nsyuka. Ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za kutisha kutengenezwa kwa Kiswahili, katika miaka ileile ambayo Girlfriend ya George Tyson (2003) iliwaonyesha Watanzania kwamba filamu ya nyumbani inaweza kushindana na ya Lagos au Mumbai. Banzi aliendelea kutisha watu. Mwaka 2005 akaja na Shumileta. Kwa mtazamaji wa Tanga au Morogoro, Nsyuka lilikuwa jina geni, na ugeni huo ulizidisha hofu. Mtu wa Kyela, Ipinda au Matema alilijua jina hilo tangu utotoni.

Abasyuka, wingi wa nsyuka, ni wafu wa ukoo. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela na Rungwe, kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1957 kuhusu taratibu za kiukoo kimejaa habari zao. Mfu hakuwa zimwi. Alikuwa baba, babu au shangazi, na aliendelea kuwa na haki juu ya watoto wake. Aliogopwa, hilo halina ubishi. Mfiwa asiyetimiziwa taratibu za msiba alihofiwa kurukwa na akili, akakimbia uchi na kula uchafu, kwa sababu marehemu alikuwa bado amemng'ang'ania mwilini na ndotoni. Ndiyo maana taratibu zilikuwa na hatua mbili: kwanza kumtenga marehemu na walio hai, kisha kumkaribisha tena nyumbani akiwa amepoa, aote moto pamoja na wanawe.

Katikati ya hayo yote palikuwa na jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha habari nzima: kusema. Hasira iliyofichwa kifuani ndiyo iliyodhaniwa kuua. Mzee aliyemkasirikia mwanawe alitakiwa aitaje hasira yake mbele ya ndugu, kisha apulize maji kutoka kinywani kuonyesha kwamba moyo umesafika. Wafu nao walisemeshwa hivyohivyo: waliulizwa wamekasirikia nini, wakapewa chao, wakaombwa watulie.

Uchawi ulikuwa jambo jingine kabisa. Wilson aliandika kwamba mchawi alisadikiwa kuwa na chatu tumboni, na kwamba usiku alisafiri kwenda kuwala wenzake ndani kwa ndani. Walinzi wa kijiji, abamanga, walisadikiwa kuwaona wachawi ndotoni na kuwafukuza. Palikuwa pia na pumzi ya watu, baridi iliyompata mtu ambaye majirani zake wote walikuwa wamechukizwa naye kwa haki. Tazama jinsi hofu hizo zilivyogawanywa kwa uangalifu: kulikuwa na ubaya wa mchawi, kulikuwa na hasira halali ya jamii, na kulikuwa na mfu mwenye madai yake. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kushughulikiwa.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravia na wa Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa, Wamoravia wakaanzia Rungwe milimani, na wenzao wa Berlin baadaye wakashuka hadi Ikombe na Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), Mskoti D. R. MacKenzie alichapisha mwaka 1925 kitabu ambacho jina lake linawaeleza Wakonde, ndugu wa Wanyakyusa, kuwa watu waliotawaliwa na mizimu. Katika kuhubiri, wamisionari walichagua. Kyala, ambaye Wilson aliambiwa kuwa zamani alikuwa shujaa aliyehusishwa na pango la ufukweni, jina lake likachukuliwa kuwa jina la Mungu. Abasyuka hawakupata bahati hiyo. Kuongea na wafu kukawa upagani, na kwa waumini wa vizazi vilivyofuata nsyuka akasogea polepole hadi upande wa shetani. Mtu huyohuyo aliyekuwa akikaribishwa kuota moto akawa wa kukemewa.

Video ilimkuta nsyuka akiwa tayari katika hali hiyo. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, na umeme ulichelewa mno kufika vijiji vingi, kwa hiyo watu wengi waliijua sinema kupitia kibanda umiza: deki, runinga moja, jenereta nje, mabenchi ndani. Filamu za Nigeria zilipoingia, kikwazo kilikuwa lugha. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alikiondoa kwa sauti yake. Alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya picha, akieleza, akiongeza na kutoa maoni. Miongoni mwa alizozisimulia ni Karishika, ile ya Nigeria ya miaka ya 1990 kuhusu jini la kike linalotumwa na Lusifa kuja duniani kuzoa roho za watu.

Hiyo kwangu ni filamu iliyotengenezwa upya, ingawa hakuna picha hata moja iliyobadilishwa. Anayeamua nani mbaya, kwa nini amekuja na atashindwa na nani, ndiye mwenye filamu. Watazamaji wa kibandani wanalijua hilo, ndiyo maana hawakai kimya. Wanamwonya steringi asifungue mlango, wanabishana kama dawa ya mganga itafaa au ni maombi tu, wanaulizana nani kamtuma huyo kiumbe. Maswali hayo ni ya kizamani sana katika ufuko huu wa Ziwa Nyasa. Kilichokosekana ni filamu inayoyajibu kama wazee walivyoyajibu.

Hofu hiyo isichukuliwe kuwa mchezo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu sana na wakati wa filamu ya Banzi, Mkoa wa Mbeya, ambao Kyela ni wilaya yake, ulikumbwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Mtazamaji aliyetoka kibandani usiku alirudi nyumbani katika mkoa ambao watu walikuwa wakiuawa kwa ajili ya utajiri wa kishirikina. Filamu isiyotofautisha mfu, jini na mchawi inamwachia mtazamaji jirani mmoja tu wa kumshuku, na mara nyingi huyo jirani ni bibi kizee.

Wajapani walipata bahati nzuri zaidi. Ringu ya Hideo Nakata (1998) ilimtumia mfu mwenye kinyongo, ambaye utamaduni wao unamfahamu kwa karne nyingi, na Marekani ilipoitengeneza upya kama The Ring mwaka 2002 kinyongo kile kilibaki. Watazamaji wa nchi mbalimbali walitetemeka kwa sababu mfu yule alikuwa amedhulumiwa, na hata mifupa yake ilipopatikana hakutulizika. Alikuwa na kisa.

Nsyuka naye anacho. Anayetaka kuitengeneza upya filamu hiyo leo aanzie msibani, ufukweni Kyela, kwa ndugu waliogombana na hawajasemezana, na marehemu aliyeondoka na neno moyoni. Matukio ya usiku yatakuja yenyewe. Kinachotakiwa ni mwigizaji mzee, mwenye bakuli la maji mkononi, ambaye watazamaji wote wa kibandani wanamngoja ataje hasira yake, naye anakataa.