Nakala, Asili na Jina: Historia ya Mashine za Michezo Zilizoigwa Bila Idhini

Katika kazi ya miswada hapana jambo gumu kuliko kuamua lipi ni kosa la mnakili na lipi ni neno la mtungaji. Msomi apatapo nakala tatu za utenzi mmoja huzilinganisha mstari kwa mstari. Na akiona kwamba mbili zina kosa lile lile mahali pale pale, hukata shauri kuwa zimetoka kwa mama mmoja. Kanuni hii ni ya zamani, nasi twaifundisha kila mwaka. Makala haya yataka kuonyesha kwamba yaweza kutumika hata kwa vitu visivyoandikwa kwa wino, yaani mashine za michezo ya televisheni zilizoigwa bila idhini ya mwenyewe, na kwamba historia yake ina fundisho kwetu sisi tunaoshika kazi za watu wengine mikononi mwetu.

Yafaa kwanza tuitaje asili. Tarehe 15 Julai 1983, kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, ilianza kuuza mashine iliyoitwa Family Computer, jina ambalo Wajapani walilifupisha wakasema Famicom. Bei yake ilikuwa yen 14,800. Mhandisi aliyeongoza utengenezaji wake ni Masayuki Uemura, aliyefariki mwaka 2021. Mashine iliungwa na televisheni ya nyumbani, na kila mchezo uliuzwa peke yake ndani ya kaseti, yaani kijisanduku cha plastiki kilichochomekwa kwa pini 60. Ndani yake mlikuwa na chipu mbili kubwa zilizotengenezwa na kampuni ya Ricoh: ya kwanza ikihesabu na kutoa sauti, ya pili ikichora picha. Mwaka 1985 mashine hiyo ilipelekwa Marekani ikiwa na umbo jingine na jina jingine, Nintendo Entertainment System. Kaseti zake zilikuwa na pini 72, tena ilitiwa chipu ya kufuli iliyokataa kila kaseti isiyokuwa na idhini. Ile ya Kijapani haikuwa na kufuli. Msomaji na azishike tofauti hizi mbili, kwani ni kama tahajia ambayo kwayo twatambua mswada ulitoka Lamu au Mombasa.

Lakini asili yenyewe haikukosa deni. Chipu ya Ricoh ilijengwa juu ya chipu iitwayo 6502, iliyotolewa na MOS Technology ya Marekani mwaka 1975. Wataalamu walioifungua na kuipiga picha wameona kwamba sehemu ya kuhesabu kwa makumi ingali imo ndani, ila imetengwa isifanye kazi. MOS Technology ilikuwa na hataza juu ya sehemu hiyo, na wengi wamefasiri kutengwa huko kuwa ni njia ya kuikwepa hataza. Basi anayetafuta asili isiyotokana na kitu kingine atarudi nyuma hatua kwa hatua, kama yule anayetafuta hadithi ya kwanza kabisa ya Abunuwasi.

Wanakili wakubwa walikuwa Taiwan. Huko kampuni ya United Microelectronics, iliyoanzishwa mwaka 1980 na ijulikanayo kwa herufi UMC, ilitengeneza chipu zilizofanya kazi kama zile za Ricoh; wafundi huzijua kwa alama zake, UA6527 na UA6528. Wenye viwanda wengine wakazinunua na kuzivika maumbo na majina yao. Baadaye chipu mbili zikawa moja, ikafunikwa juu ya ubao wake kwa tone jeusi la gundi gumu. Tangu hapo mashine nzima ikawa rahisi kuundwa, na bei ikashuka mpaka ikawafikia watu ambao kampuni ya Kyoto haikupata kuwafikiria.

Twende sasa kwa hao walioipokea. Katika Poland, kampuni ya Bobmark International ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuuza mashine kutoka Taiwan kwa jina la Pegasus, farasi mwenye mabawa wa ngano za Kiyunani. Sheria ya hakimiliki iliyokuwapo ilikuwa ya mwaka 1952, ambayo haikuweza kuzijua programu za kompyuta. Sheria mpya, iliyozitaja waziwazi, ilipitishwa tarehe 4 Februari 1994. Katika Urusi, kampuni ya Steepler ya Moscow ilianza kuuza mashine ya namna hiyo mwezi Desemba 1992, ikiitwa Dendy, na alama yake ilikuwa ndovu aliyechorwa na Ivan Maximov. Jina hilo latokana na neno la Kiingereza ambalo sisi tungelifasiri mtanashati. Mwaka 1994 kukawa na kipindi chake cha televisheni, kikiongozwa na Sergey Suponev. Mwaka ule ule Nintendo ilipatana na Steepler: kampuni ya Moscow iuze mashine mpya za Nintendo, na Nintendo isiishitaki kwa ajili ya Dendy. Steepler ilianguka mwaka 1996, lakini jina halikuanguka pamoja nayo. Kwa Warusi wa kizazi kile, dendi si jina la kampuni tena. Ni nomino ya kawaida, kama jina la chombo chochote cha nyumbani.

Katika Argentina mashine hizi ziliitwa Family, na hapo jina limehifadhi nasaba, kwani ni nusu ya Family Computer. Katika Brazil, ambako sheria ya mwaka 1984 iliwahifadhia wenyeji soko la kompyuta, kampuni ya Gradiente ilitoa nakala iitwayo Phantom System. Mwaka 1993 kampuni hiyo hiyo, ikishirikiana na Estrela, ikaunda Playtronic na kuwa wakala halali wa Nintendo. Tena baadhi ya mashine za Brazil zilikuwa na matundu mawili, moja la pini 60 na moja la pini 72, mfano wa mwandishi aliyekuwa na miswada miwili mbele yake akakataa kuchagua.

Katika China, kampuni ya Subor ya Zhongshan ilitengeneza mashine yenye vibonye vya kuandikia ikaiita mashine ya kujifunzia. Mzazi alinunua somo, mtoto akapata mchezo. Jina la Kichina la kampuni hiyo, Xiaobawang, laweza kufasiriwa jabari mdogo. Aliyeikuza ni Duan Yongping, ambaye mwaka 1995 aliondoka akaanzisha BBK. Na kutoka ukoo wa BBK zimetoka simu za Oppo na Vivo, ambazo leo zauzwa hata katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam.

Hayo ni ya nje. Sasa na tuyatazame ya ndani, yaani makosa.

Sauti ya mashine hii hutokana zaidi na mawimbi ya mraba. Kila wimbi lina muda wa kuwa juu na muda wa kuwa chini, na mtunzi wa muziki huchagua wimbi liwe juu kwa nusu ya muda wake, au robo, au vinginevyo. Nusu hutoa sauti iliyojaa. Robo hutoa sauti nyembamba na kali. Katika chipu kadhaa zilizoigwa, nusu na robo zimebadilishana mahali. Mtunzi ameandika nusu, mashine yasoma robo. Hili ni kosa la mnakili kwa maana iliyo kamili, mfano wa herufi mbili zilizobadilishana nukta. Na kwa kosa hili mashine mbili zenye majina mbalimbali na maumbo mbalimbali, moja ya Moscow na moja ya kwingine, zajulikana kuwa ni ndugu.

Mwandishi wa makala haya alilijua kosa hilo kwa masikio kabla ya kulijua kwa akili. Mwaka 1996, huko Tanga, nyumbani kwa mjomba palikuwa na mashine ya namna hii, isiyokuwa na jina lolote isipokuwa gemu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu Warsaw, mwanafunzi mwenzangu alinisikilizisha muziki wa mchezo mmoja kutoka mashine halisi ya Kijapani. Nilimwambia kwamba chombo chake ni kibovu. Wimbo niliokulia ulikuwa mwembamba, na huu ulikuwa mnene. Ilinichukua muda kukubali kwamba aliyekosea ni mjomba, au tuseme, fundi wa mbali ambaye mjomba hakupata kumwona. Nasema hivi kwa sababu kila mhariri wa mashairi amekutana na mzee aliyehifadhi ubeti kwa namna yake, akaambiwa kuwa kitabuni ni vingine, akajibu kwamba kitabu kimekosea. Mimi niliwahi kuwa mzee huyo.

Hata hivyo si kila tofauti ni kosa. Televisheni za Japani zilionyesha picha 60 hivi kwa sekunde. Za Urusi na sehemu kubwa ya Ulaya, 50. Nintendo ilipotengeneza mashine ya Ulaya ilibadili uwiano kati ya chipu ihesabuyo na chipu ichorayo: kwa kila hatua ya kuhesabu zilichorwa nukta 3.2, badala ya 3 za Japani. Kwa hiyo michezo ya Kijapani iliyohesabu hatua zake kwa uangalifu iliharibika, ikawa haina budi kurekebishwa. Watu wa UMC walifanya vingine. Katika chipu yao UA6538 waliubakiza uwiano wa 3, na mistari iliyozidi wakaigeuza kuwa muda wa kungoja mwishoni mwa kila picha. Mchezo ulikwenda polepole kidogo, lakini ulikwenda. Katika jambo hili nakala ilikuwa aminifu kwa Japani kuliko mashine ya mwenye mali mwenyewe. Huyu si mnakili tu. Ni mfasiri aliyeelewa matini.

Yapo pia yasiyoweza kutetewa. Kaseti nyingi zilizouzwa pamoja na mashine hizi zilidai kuwa na michezo 9999 kwa moja. Orodha ilikuwa ndefu, lakini michezo yenyewe ilikuwa michache, ikirudiwa kwa majina mapya, au ule ule ukianzia hatua ya mbele. Mashine iitwayo Polystation ilichukua umbo la PlayStation ya Sony na kubadili jina kidogo tu; mtoto alipofungua kifuniko cha sahani alikuta tundu la kaseti. Na lililo baya zaidi ni kwamba katika kaseti nyingi jina la kampuni na mwaka wa kutungwa vilifutwa katika ukurasa wa kwanza wa mchezo. Tulicheza kazi za watu kwa miaka bila kujua kuwa zina wenyewe.

Hapa ndipo tunapopaswa kupima. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika kabla hayajapotea. Naye alikuwa mnakili. Hakuwa na idhini ya Muyaka, wala marehemu haombwi idhini. Lakini aliandika kwamba haya ni ya Muyaka. Fundi wa Taiwan aliyechapa kaseti aliieneza kazi mpaka Tanga, akafuta jina. Wa kwanza aliokoa vyote viwili. Wa pili aliokoa kimoja na kuua kimoja.

Hataza za mtambo wa mwaka 1983 zimekwisha muda wake, na leo mtu aweza kuunda mashine kama ile bila kumwogopa mtu. Hakimiliki ya michezo ingali hai. Sheria imekwisha kutenga chombo na maneno yaliyomo. Wanahistoria nao watenge vivyo hivyo: waihifadhi nakala pamoja na makosa yake, kwa kuwa makosa ndiyo nasaba, na waurudishe ule ukurasa wa kwanza uliofutwa. Wimbo mwembamba wa Tanga nitaendelea kuupenda. Lakini nikiufundisha, nitasema kwanza ni wa nani.