Varanda za Bologna na wapangaji wake

Chuo kikuu kinapoingia mjini huja na wapangaji. Mwenye nyumba ajuaye hesabu huongeza chumba, jirani naye huongeza chake, na baada ya miaka michache mtaa hautambulikani tena. Wengi hudhani hili ni jambo la siku hizi. Leo nitazungumzia mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia, ambako wakuu wa mji walikabiliwa nalo zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Chuo Kikuu cha Bologna huhesabiwa kwa desturi kuwa kilianza mwaka 1088. Wanafunzi walitoka pande nyingi za Ulaya kuja kusoma sheria, wakapanga katika nyumba za wenyeji. Ndani ya kuta za mji nafasi ilikuwa haba. Basi wenye nyumba walitokeza boriti nje ya ukuta wa ghorofa, wakajenga vyumba vinavyoning'inia juu ya njia. Vyumba vilipokuwa vizito mno, walivisimamishia nguzo za mti kutoka chini. Hivyo njia ya watu wote ikaanza kumegwa, kidogo kidogo, na nyumba ya mtu mmoja mmoja.

Miji mingi ilipiga vita ujenzi wa namna hiyo. Bologna ilifanya kinyume. Sheria ya mwaka 1288 iliamuru nyumba mpya zijengwe na varanda upande wa njia. Kimo chake kisipungue futi 7 za Bologna, yaani mita 2.66, ili mtu aliyepanda farasi aweze kupita. Mwenye nyumba alibaki na chumba chake cha juu pamoja na kodi yake. Lakini chini ya chumba hicho alitakiwa kuacha wazi kwa kila mpita njia, na kupatunza kwa gharama yake mwenyewe. Sisi tunaokimbilia varanda za maduka mvua inyeshapo, na kukuta mwenye duka kazijaza magunia, tutaielewa vizuri sheria hiyo. Mwaka 1568 ikaja amri ya kubadili nguzo za mti ziwe za mawe au matofali. Chache za mti zimesalia hata leo. Varanda za mji mzima ni za kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia.

Lakini varanda si mtaa. Kufikia miaka ya 1960 mji wa kale ulikuwa umechakaa, na maskini wake ndio waliokuwa wakihama. Mpango wa mwaka 1969, ambao msanifu Pier Luigi Cervellati alikuwa mhusika wake mkuu, ulikataza kubomoa ndani ya nyumba na kuacha uso wake tu. Kila aina ya nyumba ilipewa masharti yake, hata vijumba vya mafundi. Mwaka 1973 manispaa ilikwenda mbali zaidi. Sheria iliyokuwa ikitumika kujenga nyumba za umma pembezoni ilitumiwa kukarabati nyumba za katikati, wapangaji wahamishiwe kwa muda jirani, kisha warudi walikotoka.

Manispaa ilitaka kwanza kuzitwaa nyumba kwa fidia. Wenye nyumba, wengi wao watu wa kipato kidogo, walipinga vikali, na manispaa ikarudi nyuma. Badala yake iliandikiana nao mikataba: wapewe msaada wa ukarabati, nao wakubali kiwango cha kodi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mpango ulipolegea, maana mkataba una mwisho wake, na soko la nyumba halina.

Leo nguzo zimesimama imara. Vyumba vingi vya juu yake vinakodishwa kwa watalii, kwa siku au kwa wiki, na wanafunzi wa Bologna wamekuwa wakiandamana kwa kukosa pa kulala.