Baba Aliyeshuka Kitini

Paukwa! Pakawa! Unguja, aliyezoea kuitikiwa hivyo usiku alikuwa bibi au shangazi. Kwa kawaida baba hakuwa msimuliaji, alikuwa msimuliwa. Na ndani ya hadithi yenyewe hakuwa mtu wa kumpakata mtoto: mara nyingi alikuwa sultani.

Padri Edward Steere aliyefika Unguja mwaka 1864 alizisikia hadithi hizo, akaziandika kama zilivyosimuliwa, na mwaka 1870 akazichapisha London, Kiswahili na Kiingereza vikitazamana. Humo yumo Sultani Majnuni, mwenye watoto saba wa kiume na paka mmoja ampendaye. Paka anakula mifugo, watu wanalalamika, na sultani anamtetea: paka ni wake, na kilicholiwa ni chake. Mpaka paka alipofikia kula wana wa sultani mwenyewe, ndipo baba akakiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Anayekwenda porini kumuua ni kitinda mimba, Mkaajikoni, ambaye jina lake tu latosha kuonyesha alivyodharauliwa. Watoto waliosikiliza walijifunza kwamba baba huamrisha, na mtoto humthibitishia baba kwamba ana thamani.

Mwaka 1901 hadithi za namna hiyo zilitoka Chicago katika kitabu cha George Bateman, safari hii zikiwa na picha za Walter Bobbett. Baba wa Unguja akapata sura karatasini, lakini kwa Kiingereza, na mbali na bahari yake.

Kwingineko duniani baba wa picha alianza kushuka kitini baadaye. Ujerumani, kuanzia mwaka 1934, Erich Ohser alichora visa vya baba mnene mwenye kipara na masharubu pamoja na mwanawe mtundu, karibu bila maneno. Wanazi walimzuia kufanya kazi kwa jina lake, kwa hiyo alitia sahihi e.o. plauen. Alifia gerezani mwaka 1944, na visa vyake vinasomwa hadi leo.

Pwani yetu, baba aliingia kitabuni kwa mlango wa utenzi. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya bintiye na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Huyu si sultani tena, ni mzazi anayekaa chini na kumsemesha mtoto. Picha hazimo, na maneno ni ya wosia, lakini mtoto anazungumzwa naye kama mtu.

Picha ziliporudi, zilirudi kupitia Marekani. Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa mwaka 1970 kitabu cha kijana anayeitwa Zamani, anayefuatana na baba yake sokoni. Mchoraji alikuwa mumewe, Tom Feelings. Mwaka uliofuata wawili hao walitoa kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja hadi kumi, na Tom akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa heshima ya tuzo ya Caldecott kwa uchoraji.

Baba aliyekamilika, hata hivyo, alitoka Arusha. Tololwa Mollel, Mmasai aliyezaliwa mwaka 1952 na kukulia mikononi mwa babu yake, alichapisha mwaka 1999 kisa cha Saruni, mvulana anayeweka vijisenti ili anunue baiskeli ya kumsaidia mama yake kubeba mizigo ya sokoni. Picha ni za E.B. Lewis. Saruni anajifunza kuendesha baiskeli kubwa ya baba, Murete, naye baba akiwa ubavuni. Vijisenti vyake havifiki bei ya dukani, na muuzaji anamcheka. Siku moja Murete anarudi na pikipiki, anamuuzia mwanawe baiskeli ya zamani, kisha fedha zinarudishwa kwa Saruni kama tuzo ya bidii yake. Mtoto wa Majnuni ilimbidi aue nunda ili baba amtambue. Saruni alitambuliwa kwa kubeba mizigo.

Hata wanyama wameingia kitabuni kama baba na mwana. Desemba 2004, baada ya tsunami, mtoto wa kiboko aliyetengana na kundi lake aliokolewa Malindi na kupelekwa Haller Park, Mombasa, akamganda kobe dume mkongwe aitwaye Mzee. Kitabu chao, chenye picha za Peter Greste, kilitoka mwaka 2006. Mtoto wa Mji Mkongwe hahitaji maelezo marefu hapo: Mzee ni kobe wa Aldabra, jamii moja na wale wa kisiwa cha Changuu.

Nacho Kiswahili kinaendelea kuazimwa. Mwaka 2019 Matthew Cherry alitoa kitabu cha baba anayehangaika kuzitengeneza nywele za bintiye. Filamu fupi ya kisa hicho ilipata Oscar mwaka 2020. Binti anaitwa Zuri.

Jina ni letu, kitabu ni cha Kiingereza, kama ilivyokuwa mwaka 1901. Si kwamba nyumbani hapana juhudi: Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, ulikuwa ukinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni, hatua iliyowapa waandishi wa Kiswahili sababu ya kuandikia watoto. Kwa Unguja, malighafi imejaa. Pembeni mwa Jozani, msitu uliofanywa sehemu ya hifadhi ya taifa mwaka 2004, kuna vijiji ambako baba hulinda shamba lisivamiwe na kima punju, na wengine huamkia uvuvi katika ghuba ya Chwaka. Waandishi na wachoraji wa kisiwa hiki wamchore baba huyo pamoja na mwanawe, na safari hii Kiswahili kitangulie.