Kabla sijashika msumeno: hot rod, matatu na pikapu ya babu

Leo naweka programu kando. Nimeamua kujenga hot rod nyumbani, na kama kawaida yangu, badala ya kushika spana nimeishia kusoma historia. Mwenye haraka ya picha za injini avumilie kidogo.

Kwa asiyejua, hot rod ni gari kuukuu ambalo mwenyewe amelifungua, akalipunguzia uzito na kuliongezea nguvu kwa mikono yake. Mchezo huu ulishika kasi California miaka ya 1930. Vijana wasio na hela walinunua Ford zilizochoka, wakang'oa madigadi na paa, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1932 Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya V8, nguvu za farasi 65. Magari hayo yalipoanza kuuzwa kama mitumba, mambo yakapamba moto. Mwaka 1937 vilabu vikaungana katika chama kimoja, SCTA, na Januari 1948 likatoka jarida la Hot Rod.

"Sisi Kenya hatuna kitu kama hicho," rafiki yangu wa kazini alinicheka tukiwa kwenye foleni ya matatu mjini. Nilimwonyesha kidole kile kile tulichokuwa tunakipangia foleni!

Matatu za kwanza zilikuwa magari chakavu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960 zilibeba abiria Nairobi kwa kujificha, maana haki ya kazi hiyo mjini ilikuwa ya Kenya Bus Service. Nauli ilikuwa mapeni matatu ya senti kumi, na wengi husema jina lilitoka hapo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye kazi bila leseni ya uchukuzi. Basi pikapu zikaingia kwa mafundi wa jua kali, zikatoka na bodi ya mabati na mabenchi ya mbao. Kule California walipunguza ili wakimbie, hapa waliongeza ili wale. Lakini kazi ni ile ile: mtu amechukua kitu kilichotengenezwa na kampuni kubwa, akakifungua bila ruhusa, akakifanya chake.

Serikali nayo ilijaribu, kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yalionyeshwa Kasarani. Yaliweza kufika kilomita 120 kwa saa. Pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo ikageuka kuwa Numerical Machining Complex, ya kutengeneza vipuri vya chuma. Watu hupenda kuicheka Pioneer. Mimi siicheki. Kilichonishinda kuelewa ni kwa nini waanze na kila kitu kwa mpigo, wakati mafundi wa Kawangware walikuwa wanaanza na Peugeot inayotembea tayari.

Sasa yangu. Chini ya mparachichi, kwetu Uthiru, kuna pikapu ya Peugeot 404. Babu aliifanyia biashara ya matatu, kisha ikaegeshwa kabla sijazaliwa. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa kitabuni: kata paa, shusha bodi, tia injini ya Toyota. Kusoma kukanizindua. Ford ya 1932 ina chesisi yake peke yake, kwa hiyo ukitoa paa na madigadi gari linabaki zima. Kwenye 404, kibanda cha dereva ndicho sehemu ya mifupa yenyewe. Ukikikata umekata mgongo. Tena difu ya nyuma inatumia gia iliyosokotwa kama skrubu, si ya kawaida, kwa hiyo injini ya kigeni ingeweza kunidai difu nyingine pia. Kwenye kompyuta nikikosea narudi nyuma. Bati likishakatwa halirudi.

Halafu nyanya. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, akauliza, "Mjukuu wangu, unajua hiyo gari ndiyo ilimsomesha baba yako?" Nikamwambia najua, nyanya. "Basi mbona unataka kuikata kichwa?" Sikuwa na jibu. Bado sina.

Nimeamua hivi: kibanda hakiguswi. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 itafunguliwa na kufufuliwa. Kazi ya kubuni itakuwa nyuma, pale pale mafundi wa zamani walipofanyia yao. Nikibadilisha bodi lazima nijulishe NTSA na gari likaguliwe, sawa, nitapanga foleni. Wapo watakaosema hiyo si hot rod. Na wale wa Concours pale Ngong Racecourse, wanaopenda gari ling'ae lilivyotoka kiwandani, watasema si gari la kuhifadhiwa pia.

Jumamosi iliyopita nilifagia majani kwenye kitanda cha nyuma. Chini ya kutu kulikuwa na matundu mawili mawili, safu ya kushoto na safu ya kulia, ya boliti za mabenchi. Nimeyapima yote na kuyaandika. Jumamosi ijayo fundi wa Dagoretti Corner anakuja na mashine ya kuchomelea, na nyanya amesema atakaa hapo hapo kwenye kiti chake atuangalie.